Kwa nini wanafunzi weusi wamepungua komyuniti koleji za Marekani? Ninayoyaona nikiwa dirishani

MtangaUghaibuni

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nimeuanza mara tatu nikaufuta, nikijiambia mambo ya Wamarekani tuwaachie Wamarekani wenyewe. Ila mwezi huu limetokea jambo mbele yangu likanikaa rohoni, kwa hiyo leo nautua mzigo. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Nipo kusini mwa California, upande wa bara wanaouita Inland Empire, kaunti za Riverside na San Bernardino. Nafanya kazi dirisha la usajili na msaada wa fedha kwenye chuo cha jamii. Jina la chuo halihusiki. Kabla ya hapo nilisoma chuo cha aina hiyohiyo, usiku, mchana nikiosha vyombo hotelini.

Kwa ambao hawajakanyaga huku: komyuniti koleji ni chuo cha umma cha miaka miwili. Hakuna kuchaguliwa wala kuachwa, ukiwa na miaka 18 unaingia. Kuna anayekuja kusomea ufundi magari, kuna anayetaka cheti cha uuguzi msaidizi, na kuna anayekusanya yuniti zake (vipimo vya masomo yanayohesabika kwenye digrii) kwa bei poa kisha anahamia chuo kikuu kumalizia digrii. Cha kwanza cha umma kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. California peke yake ina 116, vyenye wanafunzi zaidi ya milioni 2.

Kwa Mmarekani Mweusi, huu ndio ulikuwa mlango wenyewe. Babu yake kule Mississippi au Alabama hakuruhusiwa kukanyaga chuo kikuu cha jimbo lake, mjukuu anaingia hapa bila mtu kumuuliza kitu. Sasa mlango uko wazi na watu hawaingii. Mwaka 2010 vyuo hivi nchi nzima vilikuwa na wanafunzi weusi karibu milioni 1.2. Mwaka 2020 walikuwa kama 670,000.

Tusidanganyane na takwimu lakini. 2010 ilikuwa kilele. Uchumi ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, wakajazana vyuoni. Uchumi ukipona wanarudi makazini, ndiyo kawaida ya vyuo hivi, na wazungu nao walipungua. Tena ni miaka hiyohiyo serikali ilipobadilisha namna ya kuhesabu, ikaweka kisanduku cha wenye asili zaidi ya moja, baadhi ya waliokuwa wakihesabiwa weusi wakahamia huko. Ondoa yote hayo, bado weusi wameanguka kwa kasi kuliko wengi. Halafu korona: kati ya vuli 2019 na vuli 2021 peke yake walipungua asilimia 18, wanaume wakiwa wengi zaidi. Tangu 2023 namba zimeanza kupanda, ila tulikotoka bado ni mbali.

Sasa hilo jambo.

Agosti, wiki ya mwisho ya usajili, saa mbili asubuhi. Foleni imefika mpaka kwenye mashine ya soda. Anakuja kijana mweusi wa miaka 23, 24 hivi, bado amevaa kizibao cha njano cha ghalani, kadi ya kazi inaning'inia kiunoni. Katoka zamu ya usiku moja kwa moja. Anataka kusomea ufundi wa mitambo ya viyoyozi. Nafungua akaunti yake, nyekundu: imefungwa. Anadaiwa dola 684.

Deni lenyewe ni hivi. Vuli 2023 alijiandikisha muhula mzima, akapewa ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo. Wiki ya sita giaboksi ya gari ikafa. Huku bila gari huendi popote, basi la mwisho linapita kabla darasa la jioni halijaisha. Akaacha kuja. Hakumwambia mtu, maana hakujua kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Sheria inasema ukiacha kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya ile ruzuku inarudishwa serikalini. Chuo kinairudisha, halafu kinakugeukia wewe na ankara.

Akanitazama akaniuliza, "Si mlisema ni ruzuku, si mkopo?"

Wakuu, jibu ninalo, limeandikwa kwenye karatasi nyekundu kidogo tunayowapa, aya ya nne. Nilimpa. Akaisoma amesimama, akaomba kalamu, akaandika 684 kwenye kiganja. Akasema asante, bosi. Nyuma yake kuna mama anasukuma kigari cha mtoto, nikasema anayefuata.

Kwenye ripoti ya chuo kijana huyu ni mtu ambaye hakujiandikisha, basi. Tunakaa vikao, tunaagiza mabango yenye picha za vijana weusi wanaotabasamu, tunayaweka kwenye vituo vya mabasi ambayo yeye hapandi. Mimi nasema hivi: asilimia kubwa ya hawa waliopotea hawakuikataa shule. Walishafika. Wakajikwaa kwenye kizingiti cha dola 684, au cha saa, au cha fomu, na hakuna aliyewafuata.

Zipo sababu kubwa kuliko ofisi yangu, sizikatai. Maghala huku yamemea kama uyoga, na Amazon ilipopandisha kima cha chini hadi dola 15 kwa saa mwishoni mwa 2018, wengine wakalazimika kufuata. Mwambie kijana anayelipa kodi ya nyumba aache hela ya Ijumaa hii kwa ajili ya cheti cha baada ya miaka miwili. Nyumba nazo: familia nyingi za weusi zimesukumwa nje ya Los Angeles zikaja huku bara, zikaenda Lancaster na Palmdale, nyingine zikavuka kabisa hadi Nevada na Texas. Chicago yenyewe ilipoteza wakazi weusi kama 85,000 kati ya 2010 na 2020. Chuo hakiwezi kumsajili mtu aliyehama.

Na kuna kosa letu wenyewe la miaka mingi. Mtu alikuwa akifika anapewa mtihani wa kupimwa, akishindwa anatupwa kwenye hesabu za maandalizi, ngazi mbili tatu chini, zisizohesabika kwenye digrii. Analipa, anatumia ruzuku yake, mwaka unaisha hajaanza. Weusi ndio walirundikwa huko kuliko wengine. California ilipitisha sheria ya AB 705 mwaka 2017, ikaanza kubana vilivyo vuli 2019, sasa mtu anaingia hesabu ya kweli moja kwa moja na anapewa msaada pembeni. Wanaopita ni wengi zaidi. Lakini yule aliyekata tamaa 2014 hajui kama mambo yamebadilika, na anaowasimulia habari za chuo ni wadogo zake.

Nakaribisha maoni. Matusi hapana.

---

Dogo_Mabibo

Mleta uzi shikamoo. Kwa hiyo hivyo vyuo ni kama VETA? Na ada ni shingapi? Isije ikawa tunalia hapa kumbe ada ndiyo mchawi.

---

MtangaUghaibuni

Marahaba dogo. Chukua VETA, changanya na vyuo vya maendeleo ya wananchi, halafu bandika juu yake miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu. Hapo umekaribia.

Ada California ni dola 46 kwa yuniti. Mwaka mzima wa yuniti 30 ni dola 1,380, na mwenye kipato kidogo anasamehewa yote. Majimbo mengine wastani ni kama 4,000 kwa mwaka, wakati Pell ya juu kabisa ni 7,395. Kwa hesabu ya karatasi maskini anabakiwa na chenji.

Kwa hiyo mchawi si ada, dogo. Ni kodi ya chumba, petroli, mtoto anamwachia nani, na bosi anayebadilisha zamu kila Jumapili usiku. Tennessee ilikuwa ya kwanza kutangaza vyuo hivi bure kwa wanaomaliza sekondari, tangu 2015. Watu walipongeza, nami nikiwemo. Ila ukimfutia ada mtu ambaye ada yake tayari ilikuwa inalipwa na Pell, umemwongezea nini?

---

Nyeri2Dallas

Boss nimesoma hadi mwisho lakini acha tuambiane ukweli. Mimi nilikuja Texas na suitikesi moja, nikalala kwa sofa ya binamu miezi saba, nikafanya CNA (uuguzi msaidizi), nikaenda LPN (ngazi ya kati), sasa ni RN (muuguzi kamili aliyesajiliwa). Karo nililipa mwenyewe. Hawa wenzetu wamezaliwa hapa, wana pasipoti, wanapewa pesa za bure na bado hawaendi. Shida ni kazi ngumu hawataki. Sorry kama nimekanyaga mtu.

---

MtangaUghaibuni

Hongera kwa RN kaka, najua jasho lake, mke wangu yuko njia hiyohiyo. Lakini hapo kwenye uvivu nakukatalia mchana kweupe.

Kwanza, yule kijana wangu alikuwa ametoka kusimama saa kumi ghalani na bado akaja kupanga foleni. Ungemwambia yeye hataki kazi ngumu?

Pili, mimi na wewe tumechujwa kabla hatujapanda ndege. Bahati nasibu ya grini kadi yenyewe inamtaka mtu aliyemaliza sekondari au mwenye ujuzi wa kazi. Waliobaki Nyeri na Tanga bila cheti hatuwaoni kwenye foleni ya Dallas, tunawaona waliopita chujio tu. Halafu tunachukua hao tunawapima na watu wa mtaa mzima wa Marekani, wenye cheti na wasio na cheti. Huo mizani gani?

Tatu, na hili wengi hawalijui: mwenye grini kadi kutoka Kenya au Tanzania, kwenye takwimu za serikali anaingia kapu lilelile la weusi. Binamu yako mwenye sofa yumo. Mke wangu yumo. Pamoja na sisi sote kuongezwa humo, kapu bado limepungua.

Na hiyo sofa ya binamu, kaka, ndiyo ilikuwa udhamini wako. Miezi saba bila kodi! Wangapi wanayo?

---

Nyeri2Dallas

Hiyo ya sofa umenipata 😂. Bado sikubaliani na wewe kabisa lakini nimekusikia.

---

Bibi_wa_Kisosora

Mwanangu wa Tanga, mimi nimefundisha miaka 31 nimestaafu. Umeeleza ugonjwa, dawa hujaitaja. Huko kwenu hakuna chuo kilichojaribu kitu kikafanya kazi?

---

MtangaUghaibuni

Shikamoo mama. Vipo.

New York, chuo kikuu cha jiji kina mpango unaitwa ASAP, tangu 2007. Wanachofanya ni vitu vidogo unavyoweza kuvishika mkononi: tiketi ya treni na basi ya mwezi, vitabu, na mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye anakuita kwa jina na akikukosa anakupigia. Masharti ni usome muda wote na uhudhurie. Wakapima kwa kura, kama wanavyopima dawa hospitali, kundi moja lipate na jingine lisipate. Baada ya miaka mitatu waliopata asilimia 40 wamemaliza, wasiopata asilimia 22. Ohio wakaiga, matokeo yakafanana. Ni ghali mwanzoni, ndiyo maana wakubwa wanasitasita, japo ukigawa gharama kwa kila anayemaliza inashuka.

Madeni: wakati wa korona serikali kuu ilimwaga fedha za dharura, vyuo vingi vikazitumia kufuta madeni ya wanafunzi. City Colleges za Chicago zilikuwa na mpango wa kuwasamehe wenye madeni wanaorudi kusoma hata kabla ya hapo. Deni la kijana wangu, kwa bahati mbaya, lilikuja baada ya fedha zile kukauka. Na California tangu 2020 chuo hakiruhusiwi kukunyima nakala ya matokeo kwa sababu ya deni, lakini mlango wa kujiandikisha kinaweza kuufunga. Nusu ya sheria.

Halafu mama kuna hii, utafurahi. Vyuo vingi vya California vina programu kwa ajili ya wanafunzi weusi inaitwa Umoja. Kiswahili chetu hichohicho, tangu 2006. Neno la kwanza kwenye zile nguzo saba za Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga mwaka 1966 hukuhuku. Siku ya kwanza kuona kibao cha UMOJA mlangoni nilidhani nimefika ofisi ya kata. Nikabisha hodi, hakuna aliyeitika karibu.

Ndani kuna kochi, birika la kahawa, na wanafunzi wamekaa wanaongea na mwalimu wao bila meza katikati. Wana utaratibu wanauita mazungumzo ya barazani, yaani kila mtu anasema linalomsibu bila kukatizwa, kabla ya somo. Binti mmoja siku hiyo alisema amelala kwenye gari siku nne. Mshauri hakutoa hotuba, alitoa simu. Nikawaambia kwetu pwani baraza ni kitu cha kujengwa, la mawe, mbele ya nyumba, na ukipita bila kusalimu unaulizwa una nini. Wakanitaka nirudi kuwaeleza. Nimerudi mara tano sasa.

Niliyoyaona pale ni kwamba mtu akikosekana siku mbili anatafutwa. Laiti giaboksi ya kijana wangu ingekufa akiwa ndani ya chumba kile.

---

Mpenda_Siasa

Lakini mkuu si Trump na mahakama wamepiga marufuku hayo mambo ya kuwapendelea weusi? Hiyo Umoja itadumu?

---

MtangaUghaibuni

Tutenganishe. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2023 ilihusu kuchagua wanafunzi, kule Harvard na North Carolina. Vyuo vyetu havichagui mtu, kwa hiyo mlangoni haigusi. Na California tangu 1996 wapiga kura walishapitisha Proposition 209 inayokataza upendeleo wa rangi kwenye elimu ya umma, ndiyo maana Umoja inapokea yeyote anayetaka. Nimewaona Walatino mle, na Msamoa mmoja mwenye kicheko cha radi.

Kwingine kuna ukali. Texas sheria ya SB 17 imefunga ofisi za usawa na ujumuishi wa rangi kwenye vyuo vya umma kuanzia Januari 2024, vyuo vya jamii vikiwemo. Washington nako barua za vitisho kwa vyuo kuhusu mambo hayo zilianza Februari 2025. Wakuu wa vyuo wanabadilisha majina ya milango usiku usiku. Ila ngoja niseme la kuudhi: ule mporomoko mkubwa ulitokea kabla ya haya yote, wakati ofisi hizo zipo na hotuba zipo. Tazama bunge lilivyofanya 2011 na 2012. Walifuta Pell ya kiangazi, ikarudishwa 2017. Wakapunguza ukomo wa Pell wa maisha kutoka mihula 18 hadi 12. Wakawakatia msaada wasio na cheti cha sekondari waliokuwa wakiingia kwa mtihani. Hakuna neno "weusi" kwenye karatasi hizo hata moja. Anayesoma kidogokidogo huku anafanya kazi ndiye aliyeumia, na tunajua ni nani huyo.

Kwa upande wa pili, sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaruhusu Pell kwa kozi fupi za wiki 8 hadi 15 kuanzia Julai 2026. Yule wa viyoyozi huenda akafaidika. Kama deni litakuwa limeondoka, maana usajili ukiwa umefungwa, Pell haimfikii.

---

Dogo_Mabibo

Na nimesikia huko California kuna wanafunzi hewa kama wale wafanyakazi hewa wa 2016 kwetu?

---

MtangaUghaibuni

😂 Umesikia kweli. Matapeli wanatuma roboti zinajiandikisha ili zichote msaada wa fedha. Mwaka 2021 ofisi kuu ya vyuo ilisema asilimia 20 ya wanaopita kwenye tovuti ya maombi ni roboti na wahalifu. Darasa linaonekana limejaa, kumbe ndani hakuna pua hata moja, na mtu halisi anaambiwa nafasi zimeisha. Ndipo tukaanza kudai uthibitisho wa utambulisho. Sasa fikiria asiye na anwani ya kudumu, aliyepoteza leseni, simu yake ya kadi imekatwa. Roboti inapita, yeye anakwama. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

---

Mama_Neema_KY

Kaka pole na kazi. Mimi niko Louisville, tulitoka Uvira, tukakaa Nyarugusu miaka kumi na minne kabla ya kuletwa huku. Nina grini kadi. Nafanya kazi kiwandani zamu ya kwanza. Nilijaribu chuo cha jamii mwaka juzi nikaacha katikati, mtoto aliugua. Sikujua habari ya hiyo asilimia 60. Tangu hapo barua zinakuja sizifungui. Nataka kurudi nisomee uuguzi. Hilo deni litanifunga?

---

MtangaUghaibuni

Dada Mama Neema, pole kwa mtoto.

Zifungue leo, zote, zipange kwa tarehe. Tafuta yenye neno Pell na kiasi. Kisha angalia imetoka kwa nani: ikiwa ni chuo bado, zungumza na chuo, omba kulipa kidogokidogo, na uulize waziwazi kama watakufungulia usajili ukianza kulipa. Baadhi wanafungua. Ikiwa imeshapelekwa kwa wakusanya madeni, usilipe hata senti kwa simu kabla hujazungumza na ofisi ya fedha ya chuo. Na tafuta karatasi za hospitali za mtoto. Ukisimamishiwa msaada kwa kutomaliza masomo, unaruhusiwa kukata rufaa, na ugonjwa wa mtoto ni sababu inayokubalika. Barua ya rufaa iwe fupi: nini kilitokea, lini, na sasa kimebadilika nini.

Barua ukiandika kwa Kiswahili nitakusaidia kuigeuza. Nitumie ujumbe faragha humu, jina na namba ya akaunti viache. Ijumaa saa mbili usiku za kwako ni saa kumi na moja jioni kwangu, nitakuwa nimefunga dirisha. Uwe na zile barua mezani.